Kiti cha Kushoto

"Mimi sisemi kitu," alisema jirani wa mlango wa pili, yule ambaye ua mzima ulimwita Redio. "Nimeona tu. Macho hayana pazia."

Mama Kidoti alikuwa anaanika nepi za mwanawe kwenye kamba. Hakugeuka. Alimjua Redio: akianza kwa kusema hasemi, ujue taarifa ya habari imefunguliwa, na haitafungwa mpaka hali ya hewa isomwe.

"Umeona nini tena, shoga?"

"Nimemwona shemeji." Redio akachukua kibanio ndooni, akakibana kwenye kidole chake mwenyewe, akakibandua. "Jana nilipewa lifti kwenye lori la mbao, tunateremka kutoka milimani. Kwenye zile kona za juu tukapishana na gari jekundu. Halina paa. Taa mviringo kama macho ya bundi, pua ndefu, limechuchumaa chini kama paka anayevizia panya. Viti viwili tu. Cha kulia shemeji, ameshika usukani. Cha kushoto..."

"Cha kushoto mfuko wa misumari."

"Mfuko wa misumari haujifungi kitambaa cha maua, mwenzangu. Wala haufumbi macho. Yule alikuwa amefumba macho, kichwa amekilaza nyuma, hivi, upepo unamchezea shingoni. Mtu hafumbi macho garini ila kwa mambo mawili, usingizi au raha. Na usingizi wa kutabasamu mimi sijauona."

"Mume wangu ni fundi," alisema Mama Kidoti. "Gari likiisha lazima lijaribiwe."

"Haya. Na huyo dada naye alikuwa anajaribiwa?"

Redio akarudisha kibanio ndooni, akaenda zake kwa mguu mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Mzigo wenyewe ukabaki pale kwenye kamba, kwa Mama Kidoti. Akaanika nepi ileile mara mbili.

Mumewe, Baba Kidoti, kule gereji jina lake la kuzaliwa hata hawakulikumbuka. Walimwita Nyundo. Alikuwa fundi bodi. Wengine hunyoosha magari yaliyogongwa, naye alianzia huko, lakini gereji yao ilikuwa imeingia katika biashara nyingine: kutengeneza magari mapya yenye sura ya zamani, yale ya spoti ya viti viwili, kwa watu waliokuwa na pesa na kumbukumbu. Injini na matairi vilinunuliwa. Bodi ilikuwa ya Nyundo. Alikuwa akichukua bati lililo bapa kama meza, akalilaza juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mti, polepole, siku hadi siku, mpaka bati likakubali kujikunja kama bega la mtu. Mzee mwenye gereji alikuwa akiwapeleka wateja kumwangalia kama watu wanavyopelekwa kuangalia maporomoko ya maji. Na hakumsifu kwa mkono tu. "Huyu ana sikio la paka," alizoea kusema. "Nati ikitaka kulegea, yeye anaisikia ikifikiria."

Mama Kidoti alilijua sikio hilo kabla ya mtu yeyote pale gereji. Walikutana kwa sababu ya sufuria. Alikuwa msichana bado, ametumwa na mama yake kupeleka sufuria lililobonyea kwa kijana aliyekuwa anagonga mabati kando ya barabara. Kijana akaligonga, akaliinua karibu na sikio, akaligonga tena kwa ukucha. "Sikia," akamwambia. "Limepona." Sufuria likalia kama kengele ndogo. Msichana alirudi nyumbani akiwa na sufuria zima na moyo uliobonyea.

Sasa mwanamume huyohuyo aliyekuwa anasikia sufuria likipona, hamsikii mkewe akimwita. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia: upande huu kitanda na kitanda cha mtoto, upande ule meza, jiko na ndoo za maji. Mtu hawezi kujificha katika chumba kama kile. Lakini Mama Kidoti alikuwa akisema kutoka upande wa jiko, "Baba Kidoti, maji yako tayari," na kunakuwa kimya. Akirudia, kimya. Akichungulia, humkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anachora kwa kidole juu ya shuka.

Kumbe anachora gari. Akionwa, alikuwa anaeleza kwa furaha: hapa ndipo shavu lake linapoinuka, hapa ndipo mabega, hapa kiuno kinaingia kidogo, unaona. Mke gani atafurahia kuelezwa kiuno cha bati? Alipokuwa na mimba hakuna aliyemchora kwenye shuka. Aliona kijicho na lile gari kabla hajaliona lenyewe, akajicheka, akajiambia, mwanamke mzima unagombea mume na bati. Bati haliwezi kukupora mtu.

Ila sasa kuna kitambaa cha maua. Na kuna jambo jingine ambalo hakumwambia Redio, kwa sababu mdomo wa Redio haulipiwi nauli lakini unasafiri. Shati la mumewe, mkono wa kushoto, lilikuwa linarudi na vumbi jeupe, laini. Hapo juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mtu aliyeketi ubavuni kwako angekushika. Alilifua mara ya kwanza akidhani ni unga wa rangi. Mara ya pili alilinusa. Halikunuka kitu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana poda za bei mbaya, aliwahi kuambiwa, hazinuki ovyo.

Asubuhi iliyofuata Nyundo aliondoka mapema. Gari lilikuwa linakuja kuchukuliwa na mwenyewe siku ya pili yake, na leo lingepanda mlima kwa mara ya mwisho. Mama Kidoti akamwosha mtoto, akavaa gauni lake la kijani ambalo halikuwa limemtosha tangu uzazi, akajikaza mpaka likamtosha. Akabisha hodi mlango wa pili.

"Nishikie mtoto mpaka nirudi."

Redio alimpokea Kidoti kama mtu aliyepewa tiketi ya mstari wa mbele. "Nenda, mama. Nenda bila haraka. Ukirudi utanisimulia au utaninyima?"

"Nitakunyima."

"Basi nitasubiri," alisema Redio, kwa subira ya mtu aliyezoea kupewa vitu anavyonyimwa.

Gereji ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, banda refu la mabati lenye harufu ya rangi na ngozi. Kelele zilimpokea kabla ya mtu: nyundo juu ya chuma, mashine ya kukata, kompresa inayokohoa. Mama Kidoti aliingia ameziba masikio. Hapo katikati, juu ya turubai safi, ndipo lilipokuwa limekaa.

Alikuwa amekuja kulichukia, akajikuta hajui aanzie wapi. Lilikuwa jekundu, wekundu wa kung'aa ambao mtu anaona uso wake ndani. Mbele lilikuwa refu na la upole. Lilipofika kwenye milango likaingia ndani kidogo, kisha likapanda tena juu ya matairi ya nyuma kwa mkunjo mmoja usiokatika, na macho yalifuata mkunjo huo yenyewe, bila kuombwa. Hapa ndipo kiuno, akafikiri kwa uchungu. Kweli bwana. Kiuno anacho.

Na ndani ya gari, amepiga magoti akipangusa kiti cha ngozi cha kushoto kwa kitambaa, alikuwa mwanamke mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni. Kichwani kitambaa cha maua.

"Karibu, wifi," alisema mwanamke yule, bila kushtuka. "Nyundo yuko nyuma anajaza mafuta kwenye dumu. Mimi naitwa Sindano. Viti hivi ni vyangu, nimevishona mimi."

"Wifi?" Mama Kidoti alisema. "Kaka yako nani hapa?"

Dada Sindano akamtazama kidogo, gauni la kijani, mikono iliyofungwa kifuani, akaelewa. Wanawake huelewana haraka katika mambo wasiyopenda kuelewana. "Basi, dada," alisema. "Karibu, dada."

Mzee mwenye gereji akatokea ofisini, mfupi, mwenye furaha, kalamu sikioni. "Mama wa mtoto. Umekuja kumwona mke mwenza?" Akapiga boneti kofi la mapenzi, akacheka peke yake.

"Nimekuja kupanda," alisema Mama Kidoti. "Nasikia kuna kiti cha pili. Leo nakaa mimi."

Aliyaona macho ya Dada Sindano yakimtafuta Nyundo, ambaye alikuwa ameingia na dumu na kusimama mlangoni. Aliyaona macho ya Nyundo yakimjibu. Mtazamo mfupi, kama watu wawili waliobeba sanduku zito na mmoja kateleza.  Wana jambo. Wana jambo hawa.

"Si safari ya kutalii, mama," mzee alisema. "Kiti kile ni cha kazi. Hapa kwangu gari halitoki mpaka lisikilizwe na watu wawili. Nyani haoni kundule, na fundi hasikii kasoro yake. Aliyelitengeneza anaendesha, na mwingine anakaa kushoto, anafumba macho, anasikiliza. Macho yakiwa wazi masikio yanazembea. Likilia mahali, huyu wa kushoto anapiga msalaba wa bluu palepale. Wakifika juu, dereva naye anapiga msalaba wake mweupe, mahali aliposikia yeye. Misalaba ikikutana, kasoro ni ya kweli. Isipokutana, wanarudia. Na hawa wawili," akawaonyesha kwa kalamu, "misalaba yao haijawahi kupishana. Wanasikia kama mtu mmoja."

Kama angemchoma kwa bisibisi isingeuma hivyo. Wanasikia kama mtu mmoja. Kufumba macho kumbe ni kazi, na vumbi jeupe kumbe ni chaki, mambo mawili yaliyomkosesha usingizi yalikuwa yameanguka chini kwa sentensi chache, na mahali pake mzee amemwekea hili, bila hata kujua.

"Na mimi nina masikio mawili," alisema. "Ninamsikia mtoto akigeuka usingizini."

"Hilo nalo ni kweli," mzee alisema. "Mama mwenye mtoto mchanga anasikia mpaka nyasi. Mpeni chaki."

Dada Sindano alivua kitambaa chake, akamfunga Mama Kidoti kichwani kwa vidole vya haraka, na hakuna adhabu iliyozidi hiyo, kufungwa kitambaa kilekile. Kilikuwa na joto la kichwa cha mwingine. Kisha akamwekea mkononi vipande viwili vya chaki, cha bluu na cheupe.

"Cheupe si cha dereva?"

"Shika vyote viwili," Dada Sindano alisema kwa sauti ya chini. "Na huko juu usimsemeshe. Hatakujibu."

"Nisimsemeshe mume wangu?"

"Akitaka, atakueleza mwenyewe."

Waliondoka. Gari lilitoa mngurumo wa chini, wa kuridhika, likapita kiwanda cha mbao, likapita vibanda vya mwisho vya mji, likaingia barabara ya milimani. Mama Kidoti hakuwa amewahi kupanda gari lililo wazi. Alikuwa amekaa chini sana, karibu alale, barabara inapita kama mto kando ya kiwiko chake. Watoto walikimbia wakipunga mikono. Mbwa mmoja alijaribu kuwafuata, akaghairi.

Alifumba macho, akaanza kazi.

Kwanza alikisikiliza kiti. Hakujidanganya: alitaka kiti kilie. Alitaka mshono ulegee, springi igune, ngozi ifanye kelele kwenye kona, ili ampige Dada Sindano msalaba wa bluu mkubwa kama mlango wa kanisa. Alijisukuma kulia, alijisukuma kushoto, alikandamiza mgongo. Kiti kikanyamaza. Kilimpokea kila alipojitupa, kwa adabu, kama mwenyeji mwema. Mshenzi, akakiambia kimoyomoyo.

Kisha akasikia. Kila kona ya kulia, tik. Kidogo sana, kama ukucha juu ya glasi. Si kwenye kiti. Lilitoka mlangoni, karibu na goti lake, na mlango ulikuwa bati, na bati lilikuwa la mumewe. Akapapasa, akapiga msalaba mdogo wa bluu. Akangoja mume aseme, nimelisikia hilo. Sikio la paka. Hakusema kitu.

Akafumbua macho. Alijua hakuruhusiwa, lakini ni mara ngapi mtu hupelekwa milimani? Barabara ilikuwa inapanda katikati ya mashamba ya alizeti, vichwa vyote vimegeukia upande mmoja kama watu wanaoangalia ugomvi. Chini kulikuwa na bonde lenye ukungu mwembamba na ziwa dogo linalong'aa. Mbele misonobari ilikuwa imekutana juu ya barabara, na gari likaingia chini yake, jua likawa linawapita usoni kwa vipande, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli. Ilikuwa nzuri mpaka ikamkera. Uzuri wote huu, na yeye alikuwa wa mwisho kuletwa. Mwanamke mwingine ameupita mara nyingi, tena amefumba macho. Hata hakuuhitaji.

Akamgeukia mumewe. Nyundo alikuwa anaendesha kwa mikono miwili, uso umelegea kwa furaha, uso ambao nyumbani hakuwa ameuona tangu Kidoti aanze kutambaa.

"Baba Kidoti," alisema. "Yule dada ni nani kwako?"

Nyundo akabadilisha gia.

"Ninakuuliza kwa wema. Sikuja kugombana."

Nyundo akatazama kioo, akapita mkokoteni wa kuni, akarudi upande wake. Hakujibu. Dada alikuwa amemwambia: hatakujibu. Kumbe walishapanga.

Basi Mama Kidoti akafungua yote. Akayasema kwenye upepo, karibu na sikio la mumewe, maneno aliyokuwa ameyabeba siku zote hizo pamoja na mtoto mgongoni: jinsi anavyoita asiitikiwe, jinsi anavyoamka peke yake, jinsi chumba kimoja kinavyoweza kuwa na watu wawili na upweke mmoja. Alisema asichopaswa kusema. Alisema, "Angalau ungenidanganya, ningejua bado unanihesabu." Mwisho akasema, kwa sauti ambayo haikutetemeka kwa sababu aliiuma, "Kama umenichoka, niambie. Nitamchukua mtoto nirudi kwa mama."

Nyundo akatikisa kichwa, juu na chini, taratibu. Ndiyo. Akatabasamu mbele, kwenye barabara.

 Mkononi Mama Kidoti bado alikuwa ameshika chaki. Hakufikiri. Akamgeukia mumewe, akampiga msalaba mkononi mwake, juu ya shati, pale juu ya kiwiko cha kushoto, msalaba mkubwa wa bluu, kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika. Ameambiwa aweke alama palipoharibika. Ndipo hapo.

Nyundo akakanyaga breki palepale, kwa utii, kama mtu aliyezoea kuguswa mahali hapo. Akaegesha kando, akazima injini. Akainama mbele ya mkewe, akaangalia mlango, akaangalia dashibodi.

"Wapi? Limelia wapi?"

Kisha ndipo akauona uso wake. Akageuka mwili mzima juu ya kiti, mpaka sikio lake la kulia likawa mbele ya mdomo wa mkewe, mkao wa ajabu, kama ndege anayesikiliza mdudu ardhini.

"Unalia. Kuna nini?"

"Nimekuuliza kama umenichoka. Umeitikia kwa kichwa."

"Umeniuliza lini?"

"Sasa hivi, hapa. Nimesema kutoka kwenye alizeti mpaka hapa."

 Upepo ulikuwa unapita kwenye misonobari. Nyundo akainua mkono, akagusa sikio lake la kushoto kwa kidole, kama mtu anayeonyesha nyumba iliyohamwa.

"Huku hakuna mtu," alisema. "Limekufa. Nilikuwa natikisa kichwa kwa ajili ya injini. Ninaisikia kwa miguu, kwenye kikanyagio. Ilikuwa inakwenda vizuri."

"Limekufa tangu lini?"

"Liliondoka kidogo kidogo. Nyundo nyingi. Hili la kulia nalo linachechemea." Aliongea akimtazama midomo, na Mama Kidoti akatambua kwamba mumewe amekuwa akimtazama midomo kwa muda mrefu, na yeye alidhani anakwepa macho yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilijua itafika siku. Sikujua utanichora."

Mama Kidoti alitaka kumkumbatia. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka. Lakini wivu una mizizi kama magugu, unaung'oa huku unachipua kule.

"Na yeye anajua."

"Anajua."

"Kabla yangu."

"Lori lilikuwa linarudi nyuma pale uani, honi inalia, watu wanapiga kelele, mimi nimelipa mgongo. Yeye ndiye aliyenivuta. Aliona mwenyewe, sikumwambia. Tangu hapo ananipigia msalaba mweupe kwa niaba yangu. Anachora wake, halafu ananichorea na wangu."

Ndiyo maana hawajawahi kupishana. Mama Kidoti alikaa akalifikiria hilo. Kama angemkuta ameshikwa mkono tu, angejua la kufanya: angelia, angetukana, angefungasha, Redio angemsaidia kufunga mizigo. Lakini mwanamke mwingine amemtunzia mumewe siri, kwa uaminifu, bila kudai kitu. Kosa la namna hiyo unaliwekea wapi?

"Mimi ungeniambia," alisema, akiinama kwenye sikio zima. "Mimi ndiye wa kuambiwa."

"Wewe ulinipendea sikio," alisema Nyundo. "Ningekuja na nini?"

"Mjinga," alisema mkewe. Akafuta machozi kwa kitambaa cha maua, kisha akakumbuka ni cha nani, akaendelea kukitumia. "Mlango wako unalia. Kila kona ya kulia. Hapa."

Nyundo akashuka, akazunguka. Akaufungua mlango, akaweka kiganja juu ya msalaba wa bluu, akaufunga, akaufungua tena, macho ameyafumba yeye sasa. Baadaye akaitikia. "Ni kweli. Nimekipata. Mkono umekisikia. Bati la ndani linagusa bawaba." Akacheka kwa pumzi. "Sindano asingekisikia hiki."

Ilikuwa sentensi ndogo, na Mama Kidoti aliipokea kwa pupa kuliko alivyotaka ionekane. Akachukua chaki nyeupe, akainama mlangoni.

"Kaa pembeni. Nikuwekee na cheupe."

Mkono wa Nyundo ukaja juu ya mkono wake, mzito, wenye sugu, ukauzuia.

"Wewe usinichoree."

"Kwa nini? Mkono wake una dhahabu?"

"Yeye ninafanya naye kazi. Wewe ninalala nawe." Akaitoa chaki taratibu katikati ya vidole vyake. "Uongo huu usiingie nyumbani. Leo mlango, kesho breki zitalia, na mtu atakuwa amekaa ndani na mtoto wake. Uache msalaba wako ukae peke yake. Tukishuka, nakwenda kwa mzee, namwambia."

"Atakufukuza?"

"Sijui. Labda ataniacha na bati. Bati halihitaji masikio." Alikuwa ameweka mkono juu ya bega lile jekundu la gari alilolitengeneza, na kwa mara ya kwanza Mama Kidoti hakuona kijicho nalo. Aliona mtu anayeaga. "Tena atauliza nani alikuwa anapiga misalaba yangu. Sindano naye ana kazi ya kupoteza."

Alisema jina hilo kwa upole. Kitu kikamdunga tena Mama Kidoti mahali palepale. Hakisemi kwaheri upesi, kidudu hicho.

Nyundo akarudi kwenye kiti chake, lakini hakuwasha gari. Akaugeuza mwili tena, sikio la kulia mbele, akamtazama mdomo kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

"Nina ombi," alisema. "Tukifika, mimi nitalipeleka gari uani, nichelewe kidogo. Wewe nenda kwa Sindano kwanza, pale kwenye cherehani. Mwambie ninakwenda kusema, asije akashtukia mbele ya mzee. Mwambie nashukuru. Mimi siwezi, ana sauti ya chini, atanijibu nisisikie, na hili si jambo la watu kupigiana kelele gerejini. Msikilize wewe. Halafu uje uniambie amesema nini. Lolote atakalosema, Mama Kidoti, hata kama hutalipenda, uniletee kama alivyolisema."